Wifi Alikata Kufuli la Sanduku Langu

Kufuli lilikuwa sakafuni, limekatwa.

Halikufunguliwa kwa ufunguo, maana ufunguo nilikuwa nao mimi. Limekatwa kwa msumeno wa chuma, na ungaunga wake bado unang'aa kwenye saruji.

Nilisimama mlangoni na kibegi changu begani, kidole cha shahada kimefungwa bandeji. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu nitolewe humo ndani nikiwa nimeshikiliwa huku na huku kama mlevi.

Sanduku wazi.

Jora la kitambaa cha njano halipo. Kitambaa cheupe cha kola hakipo. Mezani cherehani haipo, pamebaki pande safi la mbao na vumbi pembeni yake.

Nikainua godoro. Daftari langu la vipimo halipo...

Nikakaa kitandani. Jamani, sikulia. Nilikuwa nimechoka mno, hata machozi yaliona uvivu kutoka.

Mbali na mimi, aliyekuwa na ufunguo wa mlango wa chumba hicho alikuwa mtu mmoja tu. Wifi yangu.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana nawajua nyie, mtaanza kunihukumu kwenye maoni kabla hamjafika chini.

Mimi ni fundi wa nguo za watoto wa kike. Za watu wazima sishoni, wana maneno mengi. Nashona magauni na blauzi tu, kuanzia mtoto anayejifunza kusimama mpaka msichana anayeanza kuona haya. Nashonea nyumbani, chumba cha mbele, meza iko chini ya dirisha. Miaka kumi na sita sasa. Mgongo wangu umeshachukua umbo la kiti.

Nina binti mmoja wa miaka kumi na moja. Mtaani anaitwa Kifungo, kwa sababu alimeza kifungo cha blauzi alipokuwa anatambaa, tukakaa siku mbili roho mkononi mpaka kilipotoka chenyewe. Watu wageni wakisikia jina hilo wanadhani tuna ndugu jela.

Baba yake ni dereva wa lori. Anakuja nyumbani kama mgeni, anaoga, analala, anaondoka.

Wifi ni mdogo wake huyo dereva. Alikuja kwangu miaka minne iliyopita na begi moja la bluu, akaniomba nimfundishe kushona. Nikamwambia karibu, utajifunza.

Sasa niwaambie nilichomfundisha kwa miaka minne.

Kushona vifungo. Kupiga pindo. Kupiga pasi. Kuokota sindano zilizodondoka.

Basi.

Kukata kitambaa hapana. Mkasi mkubwa aliushika akiwa ananipa mimi. Nikianza kukata namtuma dukani uzi, na uzi upo. Akiuliza, "Wifi, mbona nguo zako zinakaa vizuri mabegani, unafanyaje?" najibu, "Mazoea." Halafu nabadilisha mada.

Msinilaumu haraka. Zamani nilimfundisha msichana mwingine kwa moyo mweupe kabisa. Alipoiva akafungua chumba chake mtaa wa pili, na nusu ya wateja wangu wakahamia kwake. Mpaka leo nikipita pale ananisalimia kwa sauti kubwa, "Shikamoo mwalimu wangu," na mimi naitikia meno nje, napita haraka.

Nikaapa hatatokea mwingine.

Na nilikuwa na siri moja ya kazi ambayo hata mume wangu hakuijua. Nitaisema mbele, vumilieni.

Basi ikaja kazi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya ya shule anayosoma Kifungo alinifuata mwenyewe nyumbani, akataka magauni kumi na sita ya wadogo na blauzi nane za wakubwa. Rangi ya njano, kola nyeupe, marinda kiunoni. Yavaliwe siku ya wazazi.

Mnaelewa maana yake? Mama wote wa mtaa watakaa ukumbini mchana mzima, hawana kingine cha kutazama ila mshono wangu. Yakipendeza, sitalala njaa ya kazi tena. Yakiharibika, nimekwisha, kwa sababu hakuna mama anayesahau mwanawe alivyochekwa mbele za watu.

Nilikwenda shuleni na daftari na futi yangu, nikawapima wote ishirini na wanne mmoja mmoja. Bega, kifua, kiuno, shingo, mkono, urefu. Nikaandika kila kitu kwa mkono wangu.

Wiki hiyo hiyo nikaanguka.

Nilikuwa na magauni mengine ya watu mezani, ya zamani, nimeshawapiga danadana mpaka nimeishiwa uongo. Nilisinzia kwenye cherehani mchana kweupe, mguu ukabaki juu ya pedali ya umeme, na sindano ikapita kwenye kidole, kucha na nyama, ikatokea upande wa pili. Nilipozinduka nikaona damu kwenye kitambaa cha mtu, na jambo la kwanza kuwaza lilikuwa kile kitambaa.

Hospitali wakasema kidole kitapona, tatizo ni presha. Kulala wiki mbili, bila kazi na bila simu za kazi. Dada yangu mkubwa akanichukua kwake, simu yangu akaifungia kabatini. Sikuwa na wasiwasi sana. Siku ya wazazi ilikuwa bado wiki nne.

Ila kabla sijatoka nyumbani nililifunga kufuli sanduku la kitambaa cha kwaya, na kidole changu kinavuja vile vile. Ufunguo nikautia kwenye pochi pamoja na futi yangu, maana futi yangu siiachi popote. Daftari nikalisukuma chini ya godoro.

Nikamwambia wifi, "Kitambaa cha kwaya asikiguse mtu. Nikirudi nitashona mwenyewe."

Akainamisha macho. "Sawa, wifi."

Na sasa nimerudi, siku ya kumi na moja, kwa sababu nilishindwa kuendelea kutazama dari la watu. Na kufuli liko chini.

Nilipotaka kutoka nikaona kitu nyuma ya mlango.

Begi la bluu. Lile lile alilokuja nalo. Limejaa, zipu imefungwa mpaka mwisho.

Nikaelewa kila kitu. Au nilidhani nimeelewa. Ameiba kazi yangu, ataikabidhi kama yake, atarudi mara moja kuchukua begi, na mwezi ujao nitasikia kuna fundi mpya mtaa wa tatu.

Jirani yangu ni seremala. Nikamkuta nje anapiga randa, nikamuuliza kama amemwona wifi. Akasema ameondoka asubuhi na mapema pamoja na Kifungo, na mizigo miwili mikubwa juu ya toroli, wameelekea shuleni.

"Na msumeno wako wa chuma uko wapi?" nikamuuliza.

Akatazama miguu yake. "Mama Kifungo, nenda tu shuleni. Mimi simo."

Nikaenda. Kwa mwendo wa mgonjwa, nasimama kila baada ya nyumba tatu. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilipanga nitakavyomwita mwizi, nitakavyosema mbele ya nani, na nitakavyolishika lile begi la bluu kulitupa barabarani. Nilipanga mpaka nikachoka kupanga.

Getini mlinzi akanipongeza. Eti hongera fundi, leo ndiyo leo.

"Leo kuna nini?"

"Siku ya wazazi. Si waliisogeza mbele?"

Nikashika ukuta.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Wazazi waliambiwa saa nane.

Nikausukuma mlango wa ukumbi, na nikaona kwaya yangu.

Wasichana ishirini na wanne, wote wamevaa njano. Marinda kiunoni, kola nyeupe, kila kitu nilichokiwaza mimi. Na sijashona hata kimoja!

Halafu nikatazama vizuri.

Nguo zilikuwa zinawaanguka.

Mabega yameteremkia mikononi. Mikono inafunika vidole. Kasichana ka mstari wa mbele kalikuwa kameshika shingo ya gauni kwa mikono miwili isishuke, na kanajaribu kuimba. Wakubwa wawili walikuwa wanachekana. Mmoja alikuwa analia. Akina mama wachache waliowahi kuja kuwavalisha watoto walikuwa wamejipanga ukutani, wamefunga mikono, wanatazamana kwa pembe ya jicho.

Katikati yao wifi amepiga magoti, pini mdomoni, anajaribu kubana bega la mtoto mmoja. Cherehani yangu iko juu ya dawati pembeni yake.

Nyie, nitasema ukweli, maana nikidanganya hapa hadithi haina faida.

Nilifurahi.

Kwa sababu nilijua papo hapo kimetokea nini. Mimi peke yangu duniani nilijua. Nikaingiza mkono kwenye pochi nikaigusa futi yangu, na moyoni nikasema umepatikana.

Mwalimu wa kwaya akanifuata haraka, uso umemkauka. Akaniuliza kama nimepona, hakusubiri jibu. Akasema ameamini maneno ya huyu dada kwamba kazi iko mikononi mwa fundi mwenyewe, na sasa ana watoto wanaoonekana wamevaa mapazia.

"Anasema ni kazi yako," akasema. "Ni kazi yako au si yako?"

Wifi akazitoa pini mdomoni moja moja, akanitazama.

Eti kazi yangu! Damu ikanipanda. Kumbe zikipendeza ni zake, zikiharibika ni zangu. Nikamvuta yule mtoto wa mbele, nikageuza kola yake niwaonyeshe watu. Mimi ndani ya kola huwa naweka msalaba mdogo wa uzi mwekundu, kila nguo, miaka kumi na sita. Ndiyo saini yangu. Naushona mwenyewe, sijawahi kumpa mtu aushone. Nilitaka waone haupo.

Ulikuwepo.

Msalaba mdogo, uzi mwekundu. Umelala kidogo upande, kwa sababu mkono haukuwa wangu.

Nikavuta mtoto wa pili. Upo. Wa tatu, upo.

Nilibaki nimeshika kola ya mtoto wa watu kama zuzu. Mwizi gani anaweka jina la mwenye mali?

Hapo Kifungo akatoka kwenye mstari wa pili, gauni lake anaburuta, akaja akasimama kati yangu na shangazi yake.

"Mama, kufuli nimekata mimi."

Alizungumza haraka haraka, huku anaishika shingo ya gauni lisimdondoke. Mwalimu alikuja nyumbani siku ya nne tangu nilale, akasema tarehe imesogezwa mbele na kama fundi anaumwa basi kesho yake anachukua kitambaa ampelekee fundi wa mtaa wa pili. Yule yule wa shikamoo mwalimu wangu. Shangazi akajibu kwamba fundi ameshaanza. Mwalimu alipoondoka shangazi akakaa chini akashika kichwa, kwa sababu nilisema kitambaa asikiguse mtu, na kunipigia simu alikatazwa na dada yangu. Ndipo Kifungo akaenda kwa seremala, akaazima msumeno, akakata kufuli kwa mikono yake hiyo midogo, akamtolea shangazi kitambaa na daftari, akamwambia, shona, mama akisikia kimekwenda kule presha itampasua.

"Shangazi alikataa," Kifungo akasema. "Mimi ndiye niliyelia mpaka akakubali."

Nikamgeukia wifi. Sauti ilinitoka ndogo, sikuitegemea.

"Wakati unakata hukuona kwamba ni makubwa?"

"Niliona."

"Sasa?"

Alizikusanya pini kwenye kiganja. Macho yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hajalala kitandani siku nyingi, nayajua hayo macho, ni yangu.

"Wifi, daftari ni lako. Limeandika bega inchi kumi na nne. Nimetazama mtoto, nikaona kumi na moja. Lakini mimi mtu wa vifungo, ni nani niseme fundi amekosea? Nikasema labda ndiyo siri yenyewe, ndiyo maana zako zinakaa."

Nikavuta kiti cha mtoto nikakaa.

Siri yenyewe ni hii.

Futi yangu iliungua na pasi miaka tisa iliyopita. Mwanzo wake wote uliyeyuka, nikaukata, ikabaki inaanzia penye alama ya inchi tatu. Nilitaka kununua nyingine, lakini nikagundua haina shida. Bega la inchi kumi na moja linasoma kumi na nne, naandika kumi na nne, na nikikata naipima kwa futi ile ile, inatoka sawasawa. Halafu nikagundua jambo lingine tamu zaidi. Mtu akiliiba daftari langu, atakata kwa futi nzima, na kila nguo itamtoka kubwa kwa inchi tatu. Bega, shingo, mkono, kila mahali. Daftari langu lilikuwa na kufuli ambalo halikatwi na msumeno.

Miaka tisa nilikuwa najisifu peke yangu kwa ujanja huo. Kila nikilala naona nimewaweza.

Na mtego wangu ulipokuja kukamata mtu, ulimkamata aliyekuwa ananiokoa.

"Fundi," mwalimu akasema, "nimeuliza."

Ningeweza kusema si kazi yangu. Watu wangeniamini. Jina langu lingebaki safi, na wifi angetoka pale anazomewa na begi lake la bluu.

Nikasimama.

"Ni kazi yangu. Vipimo ni vyangu na kosa ni langu. Huyu ameshona kile nilichoandika mimi, na mshono wake ni mzuri kuliko wa kwangu wa mwezi uliopita. Nipe mpaka saa nane kasorobo."

Nikaitoa futi kwenye pochi nikampa wifi, mbele ya wote.

"Tazama inaanzia wapi."

Aliishika. Akapitisha kidole kwenye ncha iliyoungua. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Tatu," akasema.

"Tatu."

Akaivaa shingoni. Nilitegemea anitukane, na ningelipokea.

"Miaka minne, wifi," akasema taratibu. "Miaka minne nakuuliza."

Nikamvutia kiti mbele ya cherehani.

Kidole changu cha shahada kilikuwa kwenye bandeji, sindano siwezi kushika, mkasi siwezi kubana. Kwa hiyo ikabidi nifanye kitu ambacho sijawahi kufanya. Niseme. Kila ninachokijua, kwa mdomo, kwa sauti, mbele ya watu, ili mikono ya mtu mwingine ikifanye.

Nikamwambia asifumue mabega, hatutamaliza. Apitishe lastiki chini ya kola, shingo ikijikunja na mabega yatapanda yenyewe. Mikononi vile vile, apige lastiki juu ya kiwiko, urefu uliozidi utajaa uwe puto. Ubavuni abane kuanzia kwapa kushuka kiunoni, inchi moja na nusu kila upande, na aanze chini ya kwapa asije akayasogeza marinda. Chini akunje pindo ndani bila kukata. Akaniuliza kwa nini asikate. Nikamwambia kwa sababu mtoto atakua.

Alikuwa anasikiliza mara moja tu. Mara ya pili sikuhitajika. Miaka minne ya kunitazama kwa kuiba ilikuwa imekaa yote kwenye vidole vyake, ilikuwa inasubiri sababu tu.

Lastiki ikaletwa kutoka duka la mkabala. Wale akina mama waliofunga mikono ukutani wakaifungua. Mmoja akashika pini akaanza kupitisha lastiki, mwingine akakunja mapindo, Kifungo anawavua na kuwavisha wenzake kwa mstari. Wifi kwenye cherehani hakuinua kichwa. Mimi nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni, natoa maneno. Sijawahi kuchoka vile katika maisha yangu, na nimechoka mara nyingi.

Saa nane kasoro dakika tano gauni la mwisho likavaliwa. Lilikuwa la Kifungo.

Kwaya ikaimba.

Sitawadanganya kwamba zilikuwa nguo bora kuliko zote. Mbili zilipinda ubavuni, moja lastiki ilikatika katikati ya wimbo wa pili na mtoto akaushika mkono wake kiutu uzima mpaka mwisho. Lakini zile shingo zilizojikunja chini ya kola nyeupe na ile mikono ya puto... mama mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake kwamba huo ni mtindo mpya, hajauona popote. Baada ya sherehe, akina mama saba walinifuata wanataka "ile ya lastiki shingoni." Mmoja alipogeuza pindo akakuta kitambaa kilichokunjwa ndani, akasema hii mwanangu ataivaa miaka miwili, Mungu akubariki fundi.

Nikawaonyesha wifi. Nikasema fundi ni yule pale.

Tukarudi nyumbani jioni mapema, watatu, tunasukuma toroli. Sikumbuki tulizungumza nini. Nakumbuka nilikuwa najipa moyo. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: meza ya pili chini ya dirisha, mkasi wake mwenyewe, jina lake pamoja na langu mlangoni.

Tukaingia ndani. Wifi akaliweka toroli sawa, akanawa uso. Halafu akaenda nyuma ya mlango, akalichukua begi la bluu.

Nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Unakwenda wapi?"

Akaniambia amepata kazi mji mwingine, kwenye karakana ya sare za shule. Barua ilitoka kabla sijaumwa, alikuwa anatafuta siku ya kuniambia. Alitakiwa aripoti Jumatatu iliyopita. Aliwaomba wiki moja, kwa ajili ya kwaya.

"Wanakuchukua ukafanye nini?"

"Niliwaambia ukweli, najua vifungo na mapindo. Wakasema kukata watanifundisha wao."

Hakusema kwa kisasi. Alisema kama mtu anayesoma barua. Ndiyo maana iliniuma.

Nikamwambia abaki. Nikamwambia nitamfundisha kila kitu, kuanzia kesho, nikimficha chochote Mungu anione. Niliongea sana. Kifungo alikuwa amemshika mkono wa pili, halii, amemshika tu.

"Umeshanifundisha leo, wifi," akasema. "Asante."

Akatukumbatia wote wawili. Nikamkimbilia na mkasi wangu mkubwa, nikamlazimisha auchukue. Akaufunga ndani ya gauni lake kuukuu, akautia kwenye begi, akaondoka.

Wiki ya tatu sasa. Baba Kifungo alipiga simu akauliza mdogo wake kwa nini ameondoka, nikamwambia kwa sababu yangu. Akajibu, "Haya." Seremala ameniletea kufuli jipya bila kuombwa. Nimelitia kwenye droo, sijalifungia chochote.

Mezani wifi aliniachia futi yake, mpya, nzima, inaanzia sifuri. Ile yangu alikwenda nayo, nadhani kwa bahati mbaya, au labda si kwa bahati mbaya. Sijamuuliza.

Kwa hiyo siku hizi kila nikifungua daftari la zamani kukata nguo ya mtoto ninayemfahamu, lazima nipige hesabu. Bega kumi na nne, natoa tatu. Shingo kumi na tano, natoa tatu. Kila kipimo natoa tatu, na kila nikitoa namkumbuka. Kazi inakwenda polepole.

Kifungo amekaa pembeni ya meza wakati naandika haya. Kuanzia juzi nimemwambia avute kiti, ashike chaki. Ameshakata blauzi moja ya mwanasesere wake, mikono yote miwili imetoka ya kushoto. Nimemwambia hata mimi nilishawahi, na shangazi yake aliifumua kimya kimya asubuhi, akidhani sijamwona.

Kama wewe unayesoma hapa una mtu chini yako anajifunza, awe wifi, awe mdogo wako, awe mtoto wa jirani, usisubiri kidole kifungwe bandeji. Kaa naye leo. Mwonyeshe futi yako inaanzia wapi.